Kabla ya mota, tuangalie betri

Wiki hii vijana wa grupu letu karibu wakosane kwa sababu ya mota. Si mota ya pikipiki, ni ya lori la rimoti, lile la urefu wa mkono tunalojenga na watoto wa klabu kila Jumamosi. Akiba yetu inatosha kununua mota moja isiyo na brashi. Moja tu. Nusu ya grupu wanataka ile inayokimbia kuliko zote. Sisi tunaoandika hapa tuko upande wa pili, na tumeamua kuandika kwa sababu tunajua hata nyinyi wa mashirika mnasoma, na wawili wenu mwaka huu mmetuuliza, "Tuwaletee nini?"

Maoni yetu: tuchague mota yenye KV ndogo na yenye sensa, tena tuichague tukianzia kwenye betri tunayoweza kuichaji hapa hapa bila kuchoma nyumba ya mtu. Tukianzia kwenye mota, tutarudi kule kule tulikotoka.

Kwanza, kwa nini lori? Wanaouliza hivyo hawakukulia mpakani. Wengi wetu tuliingia Uganda kupitia Busia na Malaba mapema 2008, wengine mgongoni mwa mama, wakati wa fujo za baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Tulikaa Mulanda, wilaya ya Tororo, kwenye kambi ya muda, kabla hatujahamishiwa Kiryandongo. Mtoto wa pale alikuwa akiona nini kila siku? Malori. Matrela ya Mombasa yamepanga foleni, madereva wamelala chini ya tela, utingo anachemsha chai pembeni. Tukatengeneza ya kwetu kwa waya na ndara kuukuu, tunayasukuma kwa fimbo. Wenzetu waliokuja baadaye kutoka Kongo na Sudan Kusini nao walikuwa na ya kwao, ya vibati na vifuniko vya chupa. Kwa hiyo klabu ilipoanza hakuna aliyepiga kura. Lori lilijichagua.

Na mashindano yetu si ya mbio. Ni ya kuvuta. Lori linavuta tela yenye mchanga kutoka kisimani mpaka mlango wa ukumbi, barabara ya murram, na kuna kamlima katikati. Shikeni hilo la kamlima, tutalirudia.

Sasa habari ya mwaka jana. Mfadhili mmoja, hatumtaji maana nia yake ilikuwa njema, alituletea seti nzima kwenye boksi: mota ya 3300KV, ESC yake (kile kiboksi kinachopokea amri ya rimoti na kuigawia mota umeme), na betri ya lipo ya seli tatu. Jamani, ilikuwa nzuri! Lori tupu lilipaa uwanjani, watoto wakapiga kelele mpaka wazee wakatoka nje. Tulipofunga tela, hadithi ikabadilika. Kwenye kamlima lilitetemeka, likarudi nyuma, likatetemeka tena, na baada ya dakika kama nne tukasikia harufu ya vanishi inayoungua. Koili za mota zilikuwa zimekwisha.

Hiyo ni hasara ya pesa. Ya pili ndiyo iliyotuogopesha. Mwenzetu mmoja aliichaji ile lipo usiku kwa chaja isiyo yake, ndani ya nyumba ya nyasi. Ikavimba kama mandazi, ikaanza kutoa moshi. Bahati dada yake alikuwa macho. Aliisukuma nje kwa jembe na kuimwagia mchanga, ikawaka huko nje. Mkeka tu ndio ulioungua. Lakini kila mtu hapa anajua nyumba za nyasi zilivyokaribiana.

Watu walisema mota ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu, ilikuwa si ya kazi ile. Na tuliichagua kwa macho, sisi na mfadhili wote, kwa sababu namba ilikuwa kubwa.

Hebu tuiangalie hiyo namba, maana hata sisi tulidhani KV ni kilovolti. Siyo. KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haijabeba kitu. Lipo ya seli tatu ni volti 11.1. Zidisha kwa 3300 unapata mizunguko 36,630 kwa dakika. Ni mbio za ajabu, lakini mota haigawi vyote. Kadiri KV inavyopanda, ndivyo nguvu ya kusokota inavyopungua kwa kila ampea unayoilisha. Mota ya 1800KV inakupa karibu mara mbili ya msokoto wa ile ya 3300KV kwa ampea ileile. Maana yake kwenye kamlima ile kubwa inadai ampea nyingi ili ifanye kazi ambayo ndogo inaifanya kwa nusu, na ampea zote zile zinageuka joto. Ndiyo ile harufu ya vanishi.

Wenzetu wa upande wa mbio watasema, "Badilisheni gia." Ni kweli, pinioni yenye meno machache inasaidia, na tutaitumia. Lakini kwenye gia zetu pinioni ndogo kuliko tuliyokuwa nayo haipatikani kirahisi, na mizunguko elfu thelathini kwenye vumbi la murram inakula gia za plastiki kama panya anavyokula mahindi.

Haya, betri. Hapa ndipo tunataka msome polepole.

Seli za laptopu za zamani, zile za 18650 ambazo mafundi wa simu wanatupatia, ni nzuri kwa tochi na redio. Kwa lori la kuvuta ni shida. Nyingi zilitengenezwa kutoa ampea chache tu kwa wakati mmoja, na zikishazeeka ndiyo kabisa. Lipo inatoa ampea nyingi, lakini tumeshasema ilichotufanyia. Kinachobaki ni kitu ambacho tumejaa nacho bila kukithamini: betri za chuma na fosfeti, zilizoandikwa LiFePO4, zilizomo kwenye taa za sola. Taa ikifa watu huitupa nzima, kumbe mara nyingi iliyokufa ni saketi au paneli, seli bado nzima. Zile nene, za milimita 32 kwa 65, zina volti 3.2 kila moja, zinavumilia joto na kuchajiwa mara nyingi zaidi ya lipo, na haziwaki kirahisi hivyo. Hatusemi haziwezi kuleta madhara. Zichajiwe kwa chaja yake, isiyozidi volti 3.65 kwa seli, mchana, nje, mtu akiwepo. Ukiziweka kwenye chaja ya lipo inayopandisha mpaka 4.2 umerudi kwenye jembe na mchanga.

Seli tatu kwa mfuatano ni volti 9.6. Kwa mota ya 1800KV hiyo ni mizunguko kama elfu kumi na saba. Kwa lori la kuvuta inatosha na kubaki. Tena tunaweka fyuzi ya gari ya ampea 20 kati ya betri na ESC, zile za rangi ya njano zinazouzwa kwenye kila duka la spea Tororo. Lori likikwama, fyuzi ndiyo ife, si mota. Fyuzi ni bei ya soda.

Kuna mtego mmoja. ESC nyingi hupima betri zenyewe na kudhani ni lipo. Ikikuta volti 9.6 itafikiri ni lipo ya seli tatu iliyochoka, na itakata moto lori likiwa katikati ya barabara. Kwa hiyo ESC tutakayonunua lazima iwe inabadilishika mpangilio wa betri. Kama haibadilishiki, tuiache dukani hata ikiwa nusu bei.

Na brashi? Tusiwadharau wenye brashi. Mota ya brashi inaanza taratibu, inapanda vizuri, na ESC yake ni rahisi. Lori la kwanza la mtoto liwe la brashi, hata la mota iliyotolewa kwenye printa iliyokufa. Lakini kaboni zake zinalika, vumbi letu linaharakisha, na zikiisha kwenye zile ndogo zilizofungwa huwezi kuzibadilisha. Mota isiyo na brashi haina cha kusuguana ndani isipokuwa beringi. Adui yake kwetu ni mchanga wenye chuma, unaovutwa na sumaku, kwa hiyo iliyofungwa vizuri ni bora kuliko yenye madirisha, hata kama inapata moto kidogo zaidi.

Kuhusu sensa tumebishana zaidi kuliko yote, kwa sababu inaongeza bei. Mota isiyo na sensa, ESC haijui sumaku imesimama wapi mpaka mota ianze kuzunguka. Ikiwa na mzigo, inabahatisha, na ndiyo kule kutetemeka kwenye kamlima. Yenye sensa inajua tangu mwanzo, inaondoka laini kama trela linalotoka kwenye geti. Kwa mbio, sensa ni anasa. Kwa kuvuta, tunaona ni lazima.

Halafu kuna sababu ambayo haihusu mashindano. Nendeni mkaangalie boda ya umeme, hizi zinazoongezeka Kampala na Nairobi. Zipo ambazo mota yake iko ndani ya rimu ya nyuma, na haina brashi. Zinatoka waya tatu nene na waya tano nyembamba. Zile tatu ni koili, zile nyembamba ni za sensa. Ni mnyama yuleyule wa kwenye lori letu, mkubwa tu. Uganda hii ndiyo iliyotoa gari la umeme la Kiira EV, lililoundwa na wanafunzi na walimu wa Makerere mwaka 2011, na basi la Kayoola la sola mwaka 2016. Sheria ya wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Kijana wa hapa ambaye ameshika mota ya sensa, akapima sensa kwa mita ya fundi redio, huyo akienda gereji ya boda za umeme hataanzia kufagia. Aliyejifunza kwamba namba kubwa inakimbia, amejifunza kununua tu.

Na kujifunza hakungoji pesa. Feni ya kompyuta ni mota isiyo na brashi. Inayozungusha hadi diski pia ni hiyo. Tumezifungua kumi na kitu mwaka huu, bure.

Tutainunua wapi? Kibandani Busia huikuti. Inaagizwa Kampala au Nairobi, na kwa Nairobi mfanyabiashara tunayemjua hutuletea mpaka upande wa Uganda. Kuna mwenzetu alipendekeza tuvuke wenyewe tukaichukue upande wa Kenya, au boda aipitishe njia ya panya tukwepe ushuru. Hapana, na hapana. Kwa mkimbizi, kuvuka kurudi nchi aliyoikimbia kwa ajili ya mota si jambo la kujaribu, linaweza kukuletea maswali kuhusu hadhi yako. Na ule utaratibu rahisi wa Jumuiya kwa wafanyabiashara wadogo, wa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Mota ya China haimo. Ushuru ulipwe, risiti ibaki kwenye faili la klabu. Tumeuweka kwenye bajeti, ndiyo maana mota ni moja.

Kwa nyinyi mliotuuliza mtuletee nini: boksi zima hapana, tafadhali. Tunaomba chaja mbili za LiFePO4, mita nzuri moja, na pinioni za tundu la milimita 3.17 zenye meno machache, za aina tatu. Taa za sola zilizokufa kwenye stoo zenu pia tunazitaka, msizitupe. Na kabla ya kuagiza, pigeni simu kwa klabu, muulize lori lina uzito gani.

Wenzetu wa upande wa mbio, tunakutana Jumamosi saa nne ukumbini. Leteni tela yenu ikiwa imejaa. Tutafunga mota ya brashi ya zamani na seli tatu za taa, tukimbize dakika tano kwenye kamlima, kisha kila mtu aweke kidole juu ya mota. Ikiwa huwezi kukiacha pale mpaka uhesabu tano, tunapunguza meno ya pinioni na kuanza upya. Kura baada ya hapo.