Kuku Kiwete Atazamwe Kwanza

Huenda wako wasomaji watakaocheka wakiona ya kuwa ukurasa huu, ambao kazi yake ni kunena juu ya mishahara, bei za mazao na mambo ya dola, leo umeshika mguu wa kuku. Na wacheke. Lakini wakiisha kucheka, na wahesabu nyumba za wafanyakazi wanazozijua ambazo uani mwake hamjapata kufugwa kuku hata mmoja. Hesabu hiyo haitawachosha. Kuku ndiye mfugo wa mtu asiye na shamba. Ndiye anayenunua daftari la mtoto, chumvi ya mwisho wa mwezi, na nauli ya kwenda zahanati. Basi anapoanza kuchechemea asubuhi moja, jambo limeingia nyumbani, nasi hatuoni haya kulisema.

Desturi iliyoenea ni hii. Kuku akionekana anachechemea, hukumu hutolewa papo hapo pasipo shahidi: kisu. Au kama nyumba haina hamu ya kitoweo siku hiyo, hufungwa na kupelekwa gulioni upesi upesi, kabla ugonjwa wake haujajulikana, ili auziwe mtu mwingine, naye akayaone mwenyewe huko kwake. Hukumu ya kwanza ni ya pupa. Ya pili ni ya uovu.

Tuanze na ile ya pupa. Mara nyingi kuku ni mali ya mama, bali kisu ni cha baba. Mama ndiye aliyemlea tangu kifaranga, ndiye ajuaye anataga pembe gani ya jiko. Lakini mgeni akibisha hodi, baba hutamka, “Mchinjeni yule kiwete,” kana kwamba mguu ulioumia umefuta haki ya mwenye mali. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mtago mmoja, akayalalia siku 21, akatoka na vifaranga. Akichinjwa leo, nyumba imepata mchuzi wa siku moja. Hatusemi kwamba kuku asiliwe. Sisi nasi twapenda mchuzi. Twasema kwamba mwenyewe aulizwe, na kabla ya kuulizwa, mguu utazamwe.

Kutazama hakuhitaji elimu kubwa. Kuku akamatwe jioni akiwa ametulia, wala asikimbizwe na watoto uani, maana mbio hizo zaweza kumvunja aliyekuwa ameteguka tu. Abanwe ubavuni, mabawa yamefumbatwa, na miguu ielekezwe kwenye mwanga. Ukiona chini ya unyayo pamevimba, pana joto, na katikati pana kigaga cheusi cha mviringo, hilo ni jipu la unyayo. Chanzo chake ni mchubuko mdogo: mwiba, kigae cha chupa, au kuruka kila asubuhi kutoka kwenye ufito mrefu na kutua juu ya sakafu ya saruji. Vijidudu huingia hapo, na unyayo ukatunga usaha. Mguu huo utiwe katika maji ya vuguvugu yenye chumvi kwa muda wa robo saa, asubuhi na jioni, mpaka kigaga kilainike na kuondoka taratibu pasipo kukamuliwa kwa nguvu. Kisha upakwe dawa ya vidonda, ufungwe kitambaa safi, na kuku alazwe juu ya nyasi kavu au maranda. Anayetibu anawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa vijidudu hivyo havibagui kati ya kuku na mwanadamu. Jipu likiwa limekwisha kuwa gumu na kuingia ndani sana, hapo aitwe mganga wa mifugo. Wembe wa nyumbani hauna kazi.

Pengine magamba ya mguu yameinuka na kuota ukoko mweupe kama chokaa. Hao ni wadudu wadogo mno wanaochimba chini ya magamba. Oshea maji ya sabuni, kisha pakaa mafuta ya kula au mafuta ya mgando mara kwa mara kwa wiki kadhaa, wadudu wazibwe pumzi. Wengi hutumia mafuta ya taa. Hatuyapendi, kwa sababu huunguza ngozi.

Lakini mguu mwingine haukuugua kabisa, bali umetendewa. Hapa ndipo hasira yetu ilipo. Kila mtu aliyepata kusimama kando ya barabara ameona kuku wamefungwa miguu kwa kamba, wakaning'inizwa vichwa chini kwenye usukani wa baiskeli au ubavuni mwa pikipiki, uzito wote wa mwili ukivutwa na viungo viwili vyembamba mwendo wa saa nzima au zaidi. Wafikapo sokoni hawawezi kusimama, na mnunuzi huambiwa ati wamechoka safari. Akifika nyumbani, kamba nyingine husahauliwa mguuni siku tatu, ikakata ngozi, na kidole kikafa. Tenga lipo, wala si kitu cha anasa. Wazee wetu walilisuka kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Na hapa Tanzania iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inakataza ukatili kwa mnyama. Twaona ingefaa isomwe masokoni kwa sauti.

Ikiwa mfupa umevunjika chini ya goti, kuku aweza kufungwa gango la vijiti viwili vyembamba vilivyoviringishwa pamba. Lisibane: vidole vikivimba au vikiwa baridi, lilegezwe mara moja. Mifupa ya ndege huunga upesi, na kwa muda wa wiki 3 hivi aliyetulia huanza kukanyaga. Uvunjaji wa paja ni jambo jingine, na hapo twakubali kwamba kisu chaweza kuwa ndiyo huruma.

Wako pia wale wanaofungiwa katika kisanduku mwaka mzima, hawaoni jua, hawali ila pumba. Kuku anayetaga huchota chokaa ya mwili wake kutengeneza ganda la yai, na asipoirudishiwa, mifupa hulegea. Huyo apewe maganda ya mayai yaliyosagwa, dagaa kidogo, majani ya mchicha, na atolewe juani.

Sasa twaja kwenye kosa ambalo huwaua kuku wengi waliokuwa na dalili ya kupona. Kuku kiwete mara nyingi hauawi na mguu. Huuawa na kiu. Maji yako pembe ile, naye hawezi kuifikia. Au akifika, wenzake humdonoa na kumfukuza. Mtaalamu mmoja wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliandika katika miaka ya 1920 kwamba kuku wana vyeo vyao, kila mmoja akijua amdonoe nani na adonolewe na nani. Aliyelemaa hushuka hadi chini kabisa. (Wasomaji wetu wanaofanya kazi chini ya manyapara hawatahitaji maelezo zaidi.) Basi atengwe, awekwe chini ya tenga mahali penye kivuli, maji na chakula mbele ya mdomo wake, lakini awaone wenzake na kuwasikia, maana kuku wa peke yake gizani hunyong'onyea akaacha kula.

Itakuwaje basi ikiwa mguu hauna jeraha lolote, wala uvimbe, wala kamba? Hapo ndipo mwenye kuku atie shaka, kwa sababu mguu waweza kuwa unaleta habari ya kundi zima. Kuku kijana, wa miezi mitatu au minne, akilala mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma, yaelekea ni mahepe, ugonjwa ulioelezwa na mganga József Marek wa Hungaria mwaka 1907. Hauna dawa, una chanjo tu, nayo hutolewa kifaranga akiwa wa siku moja, jambo ambalo kifaranga aliyeanguliwa na mama yake uani halimfikii. Na ikiwa miguu imepooza pamoja na shingo kupinda, mabawa kulegea na kinyesi cha kijani, huo ni mdondo, ambao waweza kufuta mabanda ya mtaa mzima kwa siku chache. Nao hauna dawa, lakini chanjo yake ya I-2 yafaa sana kwa mazingira yetu, kwa kuwa huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, na hutolewa kwa tone moja la jichoni kila miezi 3 au 4. Chupa moja yatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja. Kwa hiyo majirani wapatane siku moja, wachange, na ofisa mifugo wa kata atangaze siku hiyo mapema badala ya kungoja vifo.

Kuku wa namna hiyo asiuzwe. Atengwe, ofisa aarifiwe, na akifa azikwe kwa kina au achomwe. Anayempeleka gulioni hauzi kuku, auza msiba wa jirani, na tena kwa bei ya kuku mzima. Wala vidonge vya binadamu vilivyobaki kabatini visitiwe katika maji yake: havina nguvu juu ya mdondo wala mahepe, vyawafundisha vijidudu vingine ukaidi, na mabaki yake huingia katika yai analopewa mtoto.

Aliyepona arudishwe bandani usiku, wenzake wakiwa wamekwisha kulala juu ya fito, ili asubuhi wamkute miongoni mwao. Ufito wake ushushwe mpaka kimo cha goti la mtu kwa mwezi wa kwanza, na chini yake yamwagwe maranda.