Tundu la Maji Darajani

Ndugu zangu wa Kilwa,

Nawaandikia kutoka Pittsburgh, Marekani. Bado sijaisahau ile Mei ya 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya kusini ikakatika pale Somanga. Kila niliyempigia simu nilimuuliza swali moja: magari yameanza kupita? Maana mafuta, dawa, wagonjwa, vyote njia yao ni hiyo hiyo.

Huku, daraja la Fern Hollow lilianguka asubuhi ya Januari 28, 2022, basi la abiria likiwa juu yake. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Wala hapakuwa na kimbunga. Matundu ya kutolea maji yalikuwa yameziba kwa majani na takataka, maji yakakosa pa kwenda, yakawa yanatiririkia miguu ya chuma. Kutu ikaila miguu ile hadi ikatoboka. Mwaka 2018 mpita njia alipiga picha ya chuma kimoja cha chini, kimelika mpaka kikaachana. Wakaguzi nao walikuja mwaka hadi mwaka, wakaandika yale yale, na tangu 2011 daraja lilikuwa limeandikwa kuwa bovu. Yaliyoandikwa hayakutendwa. Hilo ndilo linaloniuma, kwani kuzibua tundu ni kazi ya mtu mmoja na koleo.

Najua wakala wa barabara, TANROADS na TARURA, wana madaraja mengi, na fedha za mwaka mmoja haziwezi kuyatosha yote. Kwa hiyo ni lazima kuchagua: lipi lina hatari ya kuanguka, na likianguka nani atakwama? Daraja bovu lenye njia ya kuzungukia linaweza kungoja kidogo. Lenye kasoro ndogo, lakini ndiyo njia pekee ya mama mjamzito kufika hospitali, halingoji.

Basi kabla mvua hazijaanza, shukeni chini ya daraja lenu. Tazameni maji yanapopiga nguzo: kama udongo umechimbuliwa na msingi umeanza kuonekana, hiyo ni hatari kubwa kuliko shimo la juu mnalolilalamikia. Kalavati likijaa mchanga na magogo, lizibueni. Wanaochimba mchanga karibu na nguzo waambieni wahame, hata wakiwa jamaa zetu. Pigeni picha, andikeni tarehe, mpeni diwani mbele ya mkutano wa kijiji. Akisema taarifa imepokelewa, muulizeni mafundi watakuja lini, na siku hiyo nayo iandikwe.