Gia ya mashine ya kukereza inachongeka nyumbani

Si lazima mtu wa Kisangani asubiri gia kutoka Ulaya. Mashine yangu ya kukereza vyuma ilipovunjika meno ya gia, nilichonga nyingine uani kwangu Mangobo, kwa bronzi ya propela kuukuu ya boti. Meno 40, moduli 1.5: ongeza mawili kwenye meno, zidisha kwa moduli, unapata kipenyo cha milimita 63.

Ugawaji wa meno ndio uliokuwa ukinitisha. Nikafunga gia ya meno 80 nyuma ya spindo, nikawa naruka jino moja kila hatua. Spindo imekazwa, haizunguki. Kisu nilichokinoa kwa umbo la pengo la gia ya zamani nakisukuma na kukirudisha kwa mkono, kinakula kidogo kidogo hadi kina cha milimita 3.4. Umeme ukikatika, kazi haisimami!

Marehemu mjomba, fundi wa reli ya Ubundu, ile ya kilomita 125 inayokwepa maporomoko, alinizoesha kupima kila pengo kabla ya kuhamia jingine. Siku nne, bega likawaka moto. Gia inazunguka mwaka wa tatu sasa.