Yesu Aliuliza Kwanza



Mchoraji Caravaggio wa Italia alichora mara mbili kile chakula cha jioni kule Emau. Picha ya kwanza ni ya mwaka 1601, na leo ipo London. Mezani kuna kuku, mkate, na kikapu cha matunda kilichowekwa ukingoni kabisa, utadhani kitaanguka. Mfuasi mmoja ametandaza mikono yote miwili, mwenzake ameshika kiti anataka kuinuka. Yesu ni kijana asiye na ndevu, na mwanga ni mwingi.

Ya pili, ya mwaka 1606, ipo Milano. Mwaka huo Caravaggio aliua mtu katika ugomvi huko Roma, akakimbia. Matunda hayapo tena. Mezani kuna vitu vichache, giza limetanda, na Yesu, sasa mwenye ndevu, anaonekana amechoka. Habari ni ileile, Bwana ni yuleyule. Hali ya moyo ndiyo iliyobadilika, na meza ya Bwana imezipokea hali zote mbili.

Injili ya Luka, sura ya 24, nayo inazo zote mbili. Wafuasi wale walitoka Yerusalemu wamevunjika moyo, safari ya kilomita kama 11. Yesu akaungana nao njiani. Hakuna aliyeijua habari ile kuliko yeye, lakini alianza kwa kuwauliza wanazungumza nini. Wakasimama, nyuso zimejaa huzuni. Kleopa akamjibu kana kwamba anaongea na mgeni asiyejua lolote. Yesu akauliza tena. Ndipo wakamweleza yote, hata tumaini lao, wakilitaja kama jambo lililokwisha pita. Aliwakemea, ndiyo, akawafafanulia Maandiko, lakini baada ya kuwasikiliza.

Sisi huwa tunaanza na mafafanuzi. Mama amefiwa na mume, ni wiki ya tatu, jumuiya imefika nyumbani kusali. Kabla hajafungua kinywa ameshaambiwa kazi ya Mungu haina makosa, ajikaze, Mkristo halii kama watu wasio na matumaini. (Paulo alipowaandikia Wathesalonike juu ya marehemu hakupiga marufuku machozi. Alitaka wasiomboleze kama watu waliokata tamaa.) Mama anafuta macho, anaitikia "Amina", anaandaa chai. Tukishaondoka, huzuni inabaki naye, na juu yake tumemwongezea hofu kwamba imani yake ni ndogo. Hilo ni kosa zito kuliko tunavyodhani, maana tunalitenda kwa jina la Mungu.

Kanisa lenyewe halina haraka hiyo. Kila Ijumaa, katika sala ya usiku, mapadre na watawa husali Zaburi ya 88, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani, bila mstari wa faraja mwishoni. Nayo ni Neno la Mungu, sawa na zaburi za shangwe.

Basi wiki hii, jumuiya ikienda kwa mfiwa, mwenyekiti aanze kwa kumwuliza: "Mama, siku hizi zimekuwaje kwako?" Kisha tunyamaze. Akitaka kusimulia habari za hospitali kwa mara ya kumi, asimulie. Rozari itasaliwa baadaye, na chai ikipoa itapashwa moto.