Taa Zimulike Njia, Si Mbingu

Kamera ikisimamishwa juu ya miguu mitatu, lenzi yake ikaachwa wazi saa nzima usiku, nyota huchora mistari, kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Huku kwetu karibu na Ikweta, upande wa mashariki, mistari hiyo hupanda wima. Ulaya hupanda kwa mshazari. Fahari hiyo sasa ni shida kuipiga picha mijini, kwani taa za barabarani zisizo na kofia humwaga mwanga angani. Hata Kilimia, kilichowajulisha wazee wetu majira ya kulima, watoto wa mjini hukiona kwa taabu. Wako watakaosema kuwa giza huficha wezi. Hatuombi giza. Tunazitaka halmashauri, zinapobadilisha taa, ziweke zenye kofia, zimulike chini wanakopita watu.