Taya Halifundishwi kwa Miwani

Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Cleveland, Marekani, kilifungua kampasi mpya ya wanafunzi wa udaktari, uuguzi na meno. Somo la anatomia likahamia kwenye miwani ya HoloLens: mwanafunzi anaivaa, mwili unaelea hewani mbele yake, anauzunguka bila kugusa kitu. Wanaotaka kufunga vyumba vya kupasulia maiti wamepata mfano wa kuutaja. Kwa daktari wa meno mfano huo ni mbovu, na vyuo vyetu, kuanzia Muhimbili hadi Nairobi, visiuige.

Hoja zao zinajulikana. Maiti ni ghali kuhifadhi. Fomaldehaidi, inayotumika kuihifadhi, ilitangazwa mwaka 2004 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuwa inasababisha saratani. Tena, barani Afrika miili mingi ni ya marehemu waliokosa ndugu wa kuwachukua. Yote ni kweli. Basi tuweke mitambo ya kuondoa hewa chafu, na tuwashawishi watu waridhie kutoa miili yao wakiwa hai.

Lakini twende kwenye sindano ya ganzi, maana hapo ndipo penye kesi. Mfupa wa taya la juu una vitundu vingi; dawa ikichomwa kando ya jino hupenya. Sehemu ya nyuma ya taya la chini mfupa ni mnene, dawa haipenyi. Daktari anayetaka kung'oa gego la chini lazima aifuate neva ya meno hayo kabla haijaingia mfupani, kwenye tundu lililo upande wa ndani wa taya, mahali asipopaona. Sindano inatokea upande wa pili wa mdomo na kuzama sentimita mbili hadi mbili na nusu, mpaka ncha iguse mfupa. Ikigusa mapema mno, iko mbele. Isipogusa kabisa, imepita nyuma. Dawa ikimwagika kwenye tezi ya mate iliyoko huko, neva ya uso inalegea, na mgonjwa anaondoka na jicho lisilofumba. Kando ya tundu kuna ateri na vena, na mbele kidogo neva ya ulimi.

Tundu lenyewe halikai mahali pamoja kwa watu wote. Kwa mtoto liko chini zaidi. Kwa wengine mfereji wa neva umegawanyika. Kwa wengine neva ya sakafu ya kinywa hupeleka hisia kwenye meno, hata mgonjwa akaruka kitini ilhali mdomo umekufa ganzi. Kielelezo cha kwenye miwani ni taya moja safi, ambalo mchoraji ameamua kila neva ipite wapi. Maiti tano ni mataya matano yanayobishana. Fomaldehaidi hukaza nyama, sawa, lakini haihamishi tundu.

Na kichwa cha plastiki? Kizuri kwa kuzoeza mkono kushika drili. Ila kimetoka kiwandani, na vingine vyote vinafanana nacho. Basi tofauti za watu mwanafunzi atajifunzia wapi? Kwenye mdomo wa mgonjwa aliyelipa nauli na kupanga foleni tangu alfajiri! Huo si uvumbuzi. Ni kumtwisha maskini gharama ambayo chuo kimekataa kuibeba.

Kila mwanafunzi wa meno apasue kichwa na shingo kwa mkono wake kabla ya kukabidhiwa sindano. Chuo kisichomudu hilo kipunguze idadi ya wanaodahiliwa.