Kabla ya stuli, mwanafunzi achonge upinde

Kijana wa useremala akija kuomba kazi kwangu na cheti mkononi, simuulizi alitengeneza nini chuoni. Ni stuli. Pengine na fremu ya dirisha. Stuli haina ubaya, ila kama kipimo cha fundi ni dhaifu mno. Kiungo kilicholegea kinajazwa vumbi la mbao na gundi, msasa unapita, vanishi inafunika yote, mwalimu anatia alama. Kosa litajulikana baada ya miaka miwili, siku mgeni wa watu atakapoketi na kujikuta sakafuni.

Mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi sekondari, umeanza kidato cha kwanza mwaka 2024, na kila ninapopita nasikia watu wakijadili mashine gani zinunuliwe kwa karakana za shule. Nina pendekezo lisilotaka mashine hata moja. Kazi ya kwanza ya mwanafunzi wa useremala iwe upinde. Nasema upinde unaotupa mshale, si zile fito zilizochomwa madoadoa na kufungwa kamba ya nailoni, zinazouzwa kwa watalii kando ya barabara. Ukizivuta zile mpaka kidevuni, jitayarishe kuokota vipande.

Mimi ni seremala hapa Karatu. Mang'ola na Ziwa Eyasi viko chini yetu tu, na huko Wahadzabe wangali wanachonga pinde za kuwindia. Nilishuka huko kufunga milango ya jengo jipya, na jioni nikawa nakaa na mzee mmoja wa Kihadzabe aliyekuwa kazini. Alikuwa amekata mkole mchanga ulionyooka, usio na mafundo mengi. Hakuupasua. Gamba la mgongoni, yaani upande utakaomtazama mnyama, alilibandua taratibu, na kisu akakielekeza zaidi tumboni na kwenye ncha. Mtu wa randa kama mimi ilibidi nitulie nifikiri. Upinde ukivutwa, mgongo unatanuka na tumbo linabanwa. Nyuzi za mbao zikikatwa ovyo mgongoni, kibanzi kitanyanyuka siku moja, na kikishanyanyuka hakuna gundi ya kukirudisha. Ni lazima uzifuate nyuzi zinakokwenda, hata zikikata kona ambayo rula yako haiitaki.

Halafu kuna hesabu, na walimu wa hisabati waje wasikilize. Ukipunguza upana wa mbao kwa nusu, ugumu wake wa kupinda unabaki nusu. Ukipunguza unene kwa nusu, unabaki sehemu moja ya nane. Toa asilimia 10 tu ya unene na umepoteza zaidi ya robo ya ugumu huo. Ndiyo maana upinde unaharibika kwa mikwaruzo michache isiyo na mpango, na ndiyo maana kijana aliyechonga mmoja hatabeba tena randa kwa pupa. Fomula hiyo imo vitabuni. Sijamwona aliyeielewa vitabuni.

Kazi yenyewe iko kwenye kusawazisha mikono miwili ya upinde, na hapa naomba nisikimbie. Karakanani tungetundika upinde kwenye kigingi ukutani, upote ukiwa bado mrefu na umelegea, tukauvuta chini kidogo kwa kamba na kurudi nyuma kutazama. Mkono wa kushoto unajikunja vizuri. Wa kulia umenyooka kama rula toka kwenye kishikio hadi katikati, kisha unakunjika ghafla mahali pamoja. Anayeanza hukimbilia kuchonga pale panapokunjika, kwa kuwa ndipo macho yanapovutwa. Kumbe pale hapaguswi kabisa. Kinachopunguzwa ni palipokataa kupinda. Unakwaruza kidogo kwa kigae cha chupa, unauvuta na kuuachia mara nyingi, maana mbao haitoi jibu papo hapo, ndipo unatazama tena. Huuvuti kamwe kupita pale ambapo mikono yote miwili bado inalingana. Mzee hakuwa na ukuta wala kigingi: ncha alizikita mchangani na kuukandamiza upinde kwa kiganja. Kila akimaliza kutazama aliugeuza juu chini na kuanza upya. Jicho likishazoea upande mmoja huanza kuusamehe.

Upinde uliotoka hapo si mchezo. Frank Marlowe, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wahadzabe na kuandika kitabu juu yao mwaka 2010, alipima pinde zao akakuta wastani wa mvuto ni takriban kilo 31. Pinde za wanaume kwenye Olimpiki kwa kawaida ni kilo 20 na ushee. Wa shule uwe kilo 10, na mishale iwe butu.

Najua nitaambiwa nafundisha ujangili. Hoja hii imeshasababisha hasara. Huko Tsavo, Kenya, Wawata walikuwa na pinde ndefu zinazohesabiwa kati ya nzito kabisa duniani. Miaka ya 1950 wengi wao walifungwa katika kampeni ya kuzuia uwindaji wa tembo, na pinde zao zikapotea pamoja na wachongaji. Katika miaka ya 1970 na 1980 tembo wa Tsavo waliuawa kwa maelfu, safari hii kwa bunduki. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inataka kibali cha kuwinda, uwe umeshika bunduki au upinde. Isitoshe, kinachomwangusha mnyama mkubwa ni sumu ya mshale, na sumu siiombei nafasi kwenye mtaala. Panga la bustani ya shule lina hatari zaidi kuliko upinde wa kilo 10, nalo linakabidhiwa watoto kila asubuhi.

Mbao si tatizo. Mkole ukikatwa huchipua, na shule yenye ekari ya vichaka inaweza kukata kwa zamu.

Ugumu uko kwa mwalimu, kwa sababu wanaojua kazi hii vizuri hawana cheti. Wazee wa Kihadzabe wa Mang'ola na Yaeda Chini wanalipwa kuchezea watalii nusu saa, kisha gari linaondoka. Nataka walipwe kwa siku, kama fundi yeyote anayeitwa kufundisha. Njia ipo tayari: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na waashi, maseremala na wapishi wa mtaani wamepimwa na kupewa vyeti kwa utaratibu huo. Waongeze wachongaji wa pinde. Mpimaji akiuliza atapima vipi, nitamjibu asije na fomu ndefu. Aje na mizani ya kuning'iniza, avute upinde mpaka mwisho wake, asome kilo, atazame mikono yote miwili kwa mbele na kwa nyuma, kisha apige mishale mia moja. Ukibaki mzima na haujaongeza mkunjo, atie saini.